Kadi Isiyosema Inafika Wapi

Ngumi ya kwanza ilimpata Shoti mdomoni, na hata haikuwa yake. Ilikuwa imekusudiwa kaka yake, aliyefungiwa ndani ya stoo ya vipuri, naye Shoti alikuwa ameukinga mlango wa stoo hiyo kwa mgongo, mikono ameitanua huku na huku. Aliyeirusha alishtuka kuona amempiga mwanamke. Shoti hakumpa nafasi ya kuomba radhi. Alitema damu sakafuni, akampiga teke la gotini lililomkalisha chini mbele ya wenzake.

"Haya, nani anafuata?" akauliza.

Wakasita. Walikuwa karakana nzima, wanaume wenye mikono iliyokomaa kwa kubeba mabati, na yeye alikuwa peke yake, mwembamba, mdomo umeanza kuvimba. Wangeweza kumng'oa pale mlangoni kwa mkono mmoja. Kilichowazuia ni kwamba wote walimjua, na kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenzake atangulie.

Nyuma yao, damu ilikuwa haijakauka kwenye mashine kubwa ya kukunja mabati. Mfanyakazi waliyemwita Kidevu alikuwa ameondolewa hapo muda si mrefu, mkono wake wa kulia umezungushiwa aproni iliyolowa chepechepe, anapiga mayowe ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia yakitoka kwa mtu mzima. Jino la mashine lilikuwa limemshukia. Na aliyekuwa kwenye pedali ni kaka yake Shoti, ambaye asubuhi ya siku hiyo hiyo alikuwa amepigana na huyo huyo Kidevu hadi wote wawili wakavuja damu. Basi nani alihitaji kuelezwa zaidi? Walitaka wamtoe stoo, wamwonyeshe cha mtema kuni, na wengine walikuwa wameshachagua kitu cha kumtolea uhai.

Shoti si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na mafundi umeme wa karakana ile, kwa sababu ukimgusa vibaya zinatoka cheche. Mama yake mwenyewe alikuwa akisema kwamba mtoto huyo aligombana na mkunga kabla hajalia. Kaka yake alikuwa kinyume chake: mtu wa kumeza maneno, ambaye ukimkanyaga mguu anausogeza yeye. Tangu utotoni dada ndiye aliyekuwa akimpigania kaka, ijapokuwa kaka ndiye mkubwa, na mtaani watoto walikuwa wakimwimbia kaka yule kwamba analindwa na gauni. Walipokuwa wakubwa wakajikuta karakana moja, kaka kwenye mashine na dada kwenye kompyuta zinazoziongoza mashine. Kazi ya Shoti ilikuwa kuandika na kutunza draiva, yaani zile programu zinazosimama kati ya kompyuta na kifaa na kukisemea kifaa chenyewe. Meza yake ilikuwa kwenye kona, nyuma ya kioo, na vumbi la chuma lilikuwa limeingia hadi katikati ya vitufe.

Ugomvi wa asubuhi ulianzia kwenye chai. Mke wa kaka yake Shoti alikuwa amerudi kwao, kila mtu alijua, na kila mtu alijitia hajui, isipokuwa Kidevu. Huyo mdomo wake haukuwa na mlango.

"Shemeji yetu amekwenda kutafuta mwanamume," alisema kwa sauti iliyofika getini. "Hapa alikuwa ameachiwa picha."

Watu walicheka. Yule mpole, yule wa kusogeza mguu, aliinuka na chupa ya chai akamtwanga nayo Kidevu puani. Kidevu akajibu kwa spana, akampasua juu ya jicho. Msimamizi aliwaachanisha, akawatukana wote kwa zamu, kisha akafanya ujinga ambao mpaka leo sijui aliutoa wapi: akawarudisha wote wawili kwenye mashine moja, kwa kuwa kulikuwa na mzigo wa kumaliza. Mashine ile inataka watu wawili. Mmoja anashikilia bati chini ya jino, mwingine anakanyaga pedali. Wavu wa kukinga mikono ulikwisha kufunguliwa zamani, eti unachelewesha kazi. Ukiniuliza mimi, aliyestahili kufungiwa stoo siku ile ni msimamizi.

Shoti aligeuza shingo bila kuondoa mgongo mlangoni.

"Kaka! Sema hukukanyaga. Sema kwa nguvu wasikie."

Akaupiga mlango kwa kisigino.

"Wewe! Ulimi umeumeza? Sema!"

"Niache, mdogo wangu," sauti ikajibu taratibu. "Waache waingie."

Hapo ndipo Shoti alipoogopa. Ngumi hakuiogopa, lakini maneno hayo yalimkata maini. Mtu asiye na kosa husema hana kosa, hata kama hatasadikiwa. Alitamani afungue mlango amzabe makofi yeye mwenyewe.

Kisha umati ukapasuka katikati na Nyundo akapita. Nyundo alikuwa kaka mkubwa wa Kidevu, mkunjaji wa siku nyingi kwenye mashine hizo hizo. Alikuwa ametoka hospitali mbio, shati limejaa damu ya mdogo wake, na mkononi alikuwa na kipande cha nondo.

"Wanaukata," akasema. Akajipiga ubapa wa kiganja juu kidogo ya kifundo. "Hapa. Wanaukata na kuutupa. Sogea, Shoti."

"Sisogei."

"Sitaki kukupiga wewe."

"Basi usinipige."

Akapiga mlango. Nondo ilipita sentimita chache kutoka sikioni mwa Shoti na kutoboa bati la mlango. Shoti alihisi upepo wake shingoni. Aliinamisha kichwa, na macho yake yakashuka sakafuni, yakaangukia bati walilomtoa nalo Kidevu, ambalo mtu alikuwa amelisukuma pembeni kwa mguu. Lilikuwa jekundu upande mmoja. Lakini si damu iliyomfanya alitazame.

"Nyundo, subiri! Tazama lile bati."

"Nitazame damu ya mdogo wangu?"

"Tazama kona! Mchana walikuwa wanakunja nini?"

Nyundo hakutaka kutazama, ila jicho la fundi halimtii mwenyewe. Mchana walikuwa wakikunja mifereji ya paa, kazi ya kona ndogo, bati linainama kidogo tu. Bati lile lilikuwa limekunjwa mraba kabisa, kona ya masanduku ya umeme, na hiyo ilikuwa kazi ya asubuhi, iliyokwisha kumalizika na kupakiwa.

"Pedali inasema shuka," Shoti akasema haraka haraka, damu ikimtiririka kidevuni. "Haisemi shuka mpaka wapi. Hilo linatoka kwenye kompyuta, na wewe unajua. Mashine imesoma maagizo ambayo haikuambiwa isome. Kama imekosea mpaka wapi, imeweza kukosea na lini. Nipe nafasi nikuonyeshe. Nikishindwa..." Akachomoa ufunguo wa stoo mfukoni, akauinua juu wote wauone. "Nikishindwa, ufunguo huu hapa."

Umati ukanung'unika. Nyundo alimtazama, akalitazama bati, akamtazama tena.

"Ukinichezea," akasema, "naanza na wewe."

"Anza na yeyote unayemtaka. Ila kwanza niache nisome."

Wakamnyang'anya ufunguo. Sasa kati ya kaka yake na ile nondo hakukuwa na kitu isipokuwa kioo cha kompyuta.

Ndani ya kompyuta ya mashine ile kulikuwa na kadi. Kazi yake ilikuwa kuchota maagizo moja kwa moja kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuyapeleka kwenye jino: shuka, ishia hapa, panda. Haimpitii mtu yeyote. Inanyoosha mkono na kuchota. Sasa kila kadi ina mwisho wake wa kufika. Zipo zinazofika kila pembe ya kumbukumbu, na zipo zinazoishia njiani, kwa kuwa zilitengenezwa wakati kumbukumbu zilikuwa ndogo. Mfumo endeshi, ambao ndio mgawaji wa nafasi, haujui hayo mpaka uambiwe, na wa kuuambia ni draiva. Draiva inatakiwa iseme wazi, mwanzoni kabisa, kabla haijagusa kitu: kadi yangu inashika anwani za biti kadhaa, yaani tarakimu kadhaa, usiniwekee mzigo juu ya hapo. Ikijibiwa kwamba haiwezekani, isimame hapo hapo na isiwashe chochote.

Ikinyamaza, mfumo haugombi. Unakisia tu kwamba ni biti thelathini na mbili, kama kadi nyingi, na maisha yanaendelea.

Shoti aliisoma draiva ile kutoka juu hadi chini, kisha akairudia. Ilikuwa imeandikwa na fundi aliyehama kabla yeye hajaajiriwa. Mahali pale pa kusema, haikusema kitu. Alifungua kasha la kompyuta, akasoma namba ya kadi, akatafuta maelezo ya watengenezaji wake. Biti thelathini. Tofauti ya biti mbili inasikika ndogo masikioni mwa mtu, lakini kila biti inaongeza eneo maradufu, kwa hiyo kadi ilikuwa inafika robo tu ya pale mfumo ulipodhania. Na kibaya zaidi, kadi ikipewa anwani iliyo mbali kuliko mwisho wake haisemi sifiki. Inakata tarakimu za mbele na kwenda. Mtume mtu asiyeweza kushika tarakimu zaidi ya tatu nyumba namba 1452. Atakwenda 452, atabisha hodi, na atakuletea chochote atakachokikuta humo, tena akijiona amefanya kazi.

Miaka yote haikuleta madhara, maana kumbukumbu yenyewe ilikuwa ndogo na kila kitu kilikuwa mahali kadi inapofika. Wiki ile msimamizi alikuwa ameongeza kumbukumbu nyingine kubwa ili kompyuta hiyo ibebe na kamera za ulinzi. Kamera zikajaza sehemu za chini, maagizo ya jino yakahamishiwa juu, na kadi ikaendelea kuchota chini, mahali palipobaki mabaki ya kazi ya asubuhi.

"Mjinga wewe," Shoti aliiambia draiva, na machozi ya hasira yakamtoka. "Neno moja tu. Ungesema neno moja."

Alitoka nje akachomoa waya wa pedali, akautupa miguuni pa Nyundo. Walikuwa wamekwisha kumtoa kaka yake stoo. Mikono ilifungwa nyuma kwa waya wa kufungia mizigo, jicho moja limezibika, shati limechanwa. Hakumtazama dada yake. Shoti aliweka bomba nene la chuma chini ya jino, akatoa watu wote kwenye mstari, akarudi kwenye kompyuta na kutuma agizo: kona ndogo, ya mfereji.

Jino likashuka polepole, likaligusa bomba kwa kiasi kile kile alichoagiza, likapanda.

Akatuma tena. Likatii tena. Akatuma mara ya tatu, na jino lilikuwa na adabu kama bibi harusi.

"Anatuchezea!" mtu akapiga kelele.

 Nyundo alizunguka akampiga yule kaka nondo ya mbavuni. Mfupa ulisikika. Kaka alianguka kwa ubavu, na kwa kuwa mikono ilikuwa imefungwa hakuweza kujikinga, uso wake ukapiga sakafu. Wengine wawili wakaingia kwa viatu. Walimpiga tumboni, walimpiga mgongoni, naye alikuwa akigugumia tu, haombi, hajitetei, na kule kutojitetea kuliwapandisha mori zaidi.

"Acheni!" Shoti alikuwa amesimama juu ya kiti, sauti imemkauka. "Acheni! Kamera! Nani amezima kamera?"

Msimamizi alikuwa amejibanza nyuma ya mlango wa ofisi yake, simu mkononi. Polisi walikuwa wamemwambia watakuja.

"Mimi," akasema. "Nilitaka kutoa picha za tukio. Zinaonyesha mgongo wake tu, mguu hauonekani..."

"Ziwashe! Ziwashe kabla sijakuja kukutoa roho!"

Akaziwasha. Shoti alikaa, akatazama kumbukumbu ikijaa kutoka chini kwenda juu. Nje walikuwa wamesimama kuhema, kama wanavyosimama watu wanaokata kuni. Nyundo alikuwa ameinua nondo, na safari hii alikuwa amelenga kichwa.

Shoti aliandika agizo moja: kaa juu, usishuke.

Jino likashuka. Halikushuka polepole. Lilikuja kwa uzito wake wote, mraba, kona ya sanduku, na bomba likasagika kwa kishindo kilichotingisha mabati kwenye rafu. Kipande kilichomoka kikapasua kioo cha ofisi ya msimamizi. Likapanda. Likashuka tena. Pedali ilikuwa imelala miguuni pa Nyundo, waya wake haujaunganishwa na kitu, na jino lilikuwa likitafuna chuma, likipanda, likitafuna.

Watu walirudi nyuma wakikanyagana. Mmoja, aliyekuwa akipiga kwa viatu, alitapika kando ya ukuta. Nyundo alibaki amesimama na nondo yake hewani, macho yamemtoka pima, kisha akaiendea mashine akaanza kuipiga. Alipiga jino, alipiga fremu, cheche zikaruka, akapiga mpaka nondo ikamponyoka kwa jasho. Shoti alikimbia akakata umeme kwenye swichi kuu. Ndipo jino lilipotulia.

"Nimpige nani sasa?" Nyundo akauliza. Alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima, mikono inaning'inia. "Shoti, niambie. Nimpige nani?"

 Hakuna aliyesema uongo. Fundi wa zamani hakuandika neno, mfumo ukakisia, kadi ikaenda pale ilipofika. Alimfungua kaka yake waya wa mikononi, na Nyundo huyo huyo akamsaidia kumbeba hadi kwenye benchi. Kabla hawajaondoka, Shoti alirudi mezani akaandika maneno yaliyokosekana: kadi inafika biti thelathini, na ikikataliwa, usiwashe kitu. Akarudisha umeme, kamera zinafanya kazi, akatuma agizo la kukaa juu. Jino likakaa juu. Walilitazama kwa muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kusogeza hata kidole chini yake.

Chumbani kwa kaka yake kulikuwa na kitanda kikubwa cha watu wawili, upande mmoja haujalaliwa. Shoti alimketisha ukingoni, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu na chumvi, akaanza kumwosha uso. Maji yaligeuka rangi mara moja. Mbavu alikuwa amezifunga kwa shuka, akimwambia kwamba daktari atazitazama, na kaka alikuwa akipumua kwa vipande vipande.

"Kwa nini hukusema?" Shoti akamuuliza. Hasira ilikuwa imemrudia, hasira ya mtu aliyekaribia kufiwa. "Nimepasuliwa mdomo kwa ajili yako. Neno dogo tu, sikukanyaga, limekushinda nini?"

Kaka alilitazama beseni.

"Sikuwa na uhakika," akasema.

"Huna uhakika na mguu wako mwenyewe?"

"Alikuwa ameingiza mkono kunyoosha bati. Alikuwa bado anacheka, anarudia yale maneno ya picha. Nikaona mkono wake, na nikainua mguu." Alishika ubavu. "Mdogo wangu, niliinua mguu nimkate. Nilikuwa naushusha. Jino likatangulia. Mpaka ulipolionyesha linashuka lenyewe, nilijua ni mimi."

Kitambaa kilisimama mkononi mwa Shoti. Alimtazama mtu huyu ambaye yeye amemlinda tangu wanaoga beseni moja, mpole wa kusogeza mguu, na akampenda, na akamchukia, vyote kwa pamoja. Watu wote wamekwisha kuambiwa hana hatia. Yeye ndiye aliyewathibitishia, kwa mikono yake. Angeweza kukamua kitambaa, akamwaga maji, na jambo likaishia ndani ya kuta hizi.

"Kesho utakwenda hospitali," akasema. "Utamwambia Kidevu mwenyewe. Kama ulivyoniambia mimi."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa mdomo wako."

"Atanipiga."

Shoti alikichovya kitambaa kwenye maji yale mekundu, akakikamua, akakibandika juu ya jicho, palipopasuliwa kwa spana, akakikandamiza kwa nguvu mpaka kaka yake akapiga ukelele.

"Kwa mkono upi?" akamuuliza.